Kamera Nimeiuza, Kadi Nimebaki Nazo

Niliweka tangazo la kuuza kamera yangu kwenye status asubuhi, na kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshaulizwa "mwisho bei gani?" na watu ambao hawakuuliza hata hicho kinachouzwa ni kitu gani. Walioendelea zaidi ya hapo waliuliza megapikseli. "Dada, ina megapikseli ngapi?" Nikijibu kumi na sita, kimya. Simu ya mtu huyo huyo imeandikwa mgongoni hamsini, sasa mie nimpelekee kumi na sita kwa laki sita? Nawaelewa. Nambari ndiyo kitu ambacho muuza duka hukitaja mwanzo, na nambari kubwa humtuliza mnunuzi. Lakini tangu nianze kuiuza ile ya zamani na kutafuta nyingine, megapikseli zilinishughulisha kidogo kuliko yote. Kilichonikosesha raha ni wanawake waliomo ndani ya kadi zangu za kuhifadhia picha, na upana wa vyumba vya Mji Mkongwe.

Kazi yangu ni picha za harusi, upande wa wanawake. Kesha la hina, siku ya singo (kusuguliwa mwili kwa manukato), kupambwa, kutolewa bi harusi ukumbini. Asiyeijua kazi hii hudhani ni picha tu. Bi harusi yuko kichwa wazi, nywele zimejaa asumini, piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, imepanda mpaka kwenye viwiko. Mama zake na shangazi zake wameshavua mabaibui, taarabu inapigwa, na mtu mzima ambaye barabarani humwoni uso sasa anacheza mpaka jasho linamtiririka. Katika familia nyingi simu huachwa mlangoni. Wapo wapiga picha wanaume hodari kuliko mie, tena mbali, lakini mlango ule hawaingii. Usiku wa manane natoka nimebeba ndani ya mkoba wangu sura ambazo baba mkwe hatakiwi kuziona. Hiyo ni amana, na mwenye amana hauzi chombo chake kama anavyouza sufuria.

Mjini kwetu jambo hili lina historia. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kwa miaka na miaka watu walivaa nguo zao bora wakaenda kukaa mbele ya pazia. Picha mteja aliondoka nayo, negativu ikabaki studio. Studio ile ya Barabara ya Kenyatta ilirithiwa na mwanawe, na kwa sababu negativu zilitunzwa, leo tunaiona Unguja ya kabla na baada ya Mapinduzi ya 1964. Negativu ilikuwa na makaazi: boksi, kabati, ufunguo, mzee mwenye ufunguo. Faili langu halina makaazi. Limo ndani ya kadi ya milimita 32 kwa 24, na kadi hiyo leo imo kwenye kamera, kesho mfukoni, keshokutwa chini ya kiti cha daladala ya Mwanakwerekwe.

Wengi hudhani ukibonyeza fomati kadi imekuwa tupu. Sivyo. Kwa kawaida kamera ikifomati hufuta orodha tu, ile inayosema faili fulani linaanzia hapa na kuishia pale. Picha zenyewe hubaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuishusha, wala haiitaki hiyo orodha. Hupita kadi nzima ikitafuta alama ambazo kila faili la JPEG, aina ya kawaida ya faili la picha, huanza nazo, na ikizikuta huitoa picha. Nimewahi kuitumia kwa ajili ya bi harusi mmoja ambaye mdogo wake alimfutia picha za kupambwa wakati akichezea kadi. Zikarudi karibu zote, na nyumba nzima ikapiga vigelegele. Mie pia nilipiga, kisha usiku nikakaa nikafikiri: kama mimi nimeweza hivi nikiwa nimekaa juu ya mkeka, nani atashindwa?

Kwa hiyo dalali mmoja wa Darajani aliponitaka nimwachie kamera "na kadi yake na mkoba wake, seti kamili, ndiyo inauzika", nilimshukuru nikaondoka nayo. Amesema kweli, seti kamili ndiyo inauzika. Mnunuzi anapenda kuwasha na kupiga papo hapo. Nikanunua kadi mpya ya GB 32, bado imo ndani ya plastiki yake, nikaitia kwenye mkoba wa kamera. Zile za zamani nilizijaza video ya dari. Unailaza kamera mezani inatazama juu, unaiacha irekodi mpaka kadi ijae, unafomati, unajaza tena. Kamera yangu ilikuwa hairekodi zaidi ya dakika 20 kwa mkupuo mmoja, basi kutwa nzima nakwenda na kurudi, napika na kubonyeza. Halafu nikazikata kwa mkasi wa bati. Mume wangu akauliza kwa nini nazijaza kama mwisho wake nazikata. Swali zuri. Sikumjibu.

Kuna jambo jingine ambalo sisikii likitajwa. Ndani ya menyu ya kamera nyingi kuna pahala pa kuandika jina la mwenye haki ya picha, na wengi wetu huandika jina na hata nambari ya simu. Likibaki humo, kijana atakayeinunua atapiga anachokipiga, na kila faili litasema ni la kwako. Jina unaweza kulifuta. Nambari ya bodi, yaani ya kamera yenyewe bila lenzi, haifutiki. Imechapwa chini ya kamera na mara nyingi huandikwa ndani ya picha pia, za kwangu za jana na za kwake za kesho. Ndiyo maana nilitaka karatasi. Aina ya kamera, nambari ya bodi, tarehe, nambari za vitambulisho vyetu vya Mzanzibari Mkaazi, sahihi mbili na shahidi mmoja. Kwa sheha, kiongozi wa mtaa, sikwenda, haikuwa kiwanja.

Sasa kamera yenyewe. Ni Nikon D7000, iliyotoka mwaka 2010 kwa dola 1,199 bodi peke yake. Wakati wake ilikuwa kitu: megapikseli 16.2, nafasi mbili za kadi, sehemu ya mwili wake aloi ya magnesiamu, na ndani mna mota ya kuendesha lenzi za zamani. Mie niliipata mkono wa pili, bei imeshaanguka. Watengenezaji waliipima shata yake, kile kipazia cha ndani kinachofunguka na kufunga kila unapopiga, kwa mipigo 150,000, na uzuri wa Nikon za aina hii ni kwamba huhitaji fundi kujua imeshapiga mara ngapi: unapiga JPEG moja, unaifungua kwa programu inayosoma taarifa za faili, idadi ni hiyo hapo. Yangu ilikuwa imepita elfu themanini. Kwa Canon nyingi idadi hiyo haimo kwenye picha, na mnunuzi hubaki na neno la muuzaji.

Lakini shata si ugonjwa wa visiwani. Ugonjwa wa visiwani ni fangasi, na hapa mniwie radhi nitakaa kidogo, kwa sababu naona watu wanalipa pesa nzima kwa lenzi mgonjwa.

Kuvu hutaka unyevu, giza na kutosumbuliwa. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 60 au 70 kwa muda, huanza kuota juu ya kioo, na sisi kuanzia Machi mpaka Mei, masika yakiwa yameshika, tunapita hapo bila jitihada. Shati safi lililotundikwa kabatini linatoa harufu. Lenzi iliyofungiwa ndani ya mkoba wa kitambaa kwenye kabati hilo hilo itasalimika kwa dua ya nani? Huanza ukingoni mwa kioo, vijiuzi vyembamba vyeupe vinavyotawanyika. Ukichungulia kwenye dirisha la kamera huvioni, na kwenye picha huvioni pia mpaka vimekuwa vingi na rangi zimefifia. Njia ya kuviona ni kuivua lenzi, kuifungua tundu yake mpaka mwisho, kuwasha tochi ya simu upande mmoja na kuchungulia upande wa pili kwa kuinamisha, si kwa kunyoosha. Vikiachwa, hutoa asidi inayokula utando wa kinga uliopakwa juu ya kioo, na hapo hata fundi akisafisha, alama inabaki.

Wako wanaozika lenzi ndani ya mchele. Mchele ni wa biriani. Unga wake huingia kwenye pete za lenzi na unyevu hauutoi wa maana. Mie nina ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, vifuko vya silika jeli vya aina inayobadilika rangi vikishiba maji, na kipima unyevu kidogo cha betri. Nataka kisome kati ya 40 na 50. Silika ikigeuka rangi naikausha kwa moto mdogo wa oveni, inarudi kazini. Na kamera ikitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda uani haifunguliwi mkoba mpaka ipate joto la nje, la sivyo kioo kizima kinatoka jasho. Gharama ya haya yote haifiki nusu ya lenzi moja.

Ile lenzi ya 18-105 niliyokuwa nikiiuza pamoja na bodi ilikuwa na kijiuzi kimoja ukingoni, kilichokuja nayo tangu naipokea, na ndani ya ndoo kiliacha kukua. Nililiandika hilo kwenye tangazo. Watu watatu wanne wakakimbia. Aliyebaki alikuwa kijana wa Wete, amevuka na boti kwa shughuli zake, anataka kufungua pahala pa kupiga picha za paspoti na za mahafali ya skuli. Tukakutana Michenzani, kwenye kivuli.

"Sabalkheri dada."

"Sabalkheri. Kabla hujaishika, nikwambie aibu zake."

Nikamwambia: mpira wa mshikio umelegea kwa jasho na joto, ukipiga mbingu kwa tundu dogo la f/16 kuna doa la vumbi juu kushoto, na huu hapa uzi wa fangasi, washa tochi yako mwenyewe uutazame. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaitazama kamera, akanitazama mie.

"Sasa dada, mbona unaiponda mwenyewe? Ina nini hasa?"

Tumefika hapo. Muuzaji akisema aibu ya bidhaa yake, mnunuzi anahisi kuna kubwa zaidi limefichwa. Nikamkumbusha tuliyofunzwa chuo cha Kurani sote wawili, kwamba aibu husemwa kabla ya bei, na nikampa khiyari ya siku tatu: aende nayo Pemba, aipige, akiona kinyume na nilivyosema anirudishie na pesa yake anaipata yote, pamoja na nauli ya boti. Hapo ndipo alipocheka na kukaa sawa.

Na alikuwa mjuzi kuliko alivyojionesha. Akatoa kadi yake mwenyewe, akaijaribu nafasi ya kwanza, kisha ya pili. Akapiga ukuta mweupe, akakuza picha kwenye skrini akalitafuta lile doa mpaka akalipata, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua mlango wa betri, akainamia kwa karibu kabisa, akapitisha ukucha kwenye vibati vya shaba vinavyogusana na betri. Alikuwa anatafuta kutu ya chumvi. Mnunuzi wa bara haangalii pale. Mtu wa pwani anajua upepo wa kusi unaingia wapi. Akaivua lenzi, akapuliza kidogo (nikamzuia, mate ni mabaya kuliko vumbi), akasikiliza shata kwa kuiweka kamera sikioni. Hilo la mwisho sijui alisikia nini.

Tukaanza kwenye laki sita, tukashushana mpaka laki tano na nusu, na hapo tukakwama, mpaka nilipomtolea lenzi nyingine: 50mm f/1.8D. Ni lenzi ya zamani, nyepesi, kali, haina mota ndani yake. Huendeshwa na mota ya kamera, na D7000 inayo. Kwa picha za paspoti hakuna atakachotaka zaidi. Kwa nini niliitoa nitaeleza. Akataka alipe nusu, nusu nyingine baada ya Sikukuu. Mali kauli siuzi, hasa kwa mtu atakayekuwa ng'ambo ya maji, na pesa hiyo nilikuwa na pa kuipeleka. Akapiga simu kwa kaka yake, pesa ikaingia kwenye simu yangu, tukatia sahihi. Siku tatu zikapita. Siku ya nne akanitumia picha ya mtoto wa skuli amenuna mbele ya shuka la buluu. Fokasi iko sawa kabisa kwenye jicho.

Niliyokuwa nikiitafuta badala yake nilianza kuitafuta kwa futi kamba. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake, ukutani hadi ukutani, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu apendavyo mwenye nyumba lakini upana wake hauzidi sana mita tatu. Kuta nene, dirisha upande mmoja. Mtie humo bi harusi, kitanda cha samadari, somo wake, shangazi zake wote na masinia ya asumini, kisha mtie mpiga picha. Kihisi cha D7000 kina takriban milimita 23.6 kwa 15.6, na lenzi ya 50 mbele yake huona upana wa lenzi ya 75. Mgongo wangu uko ukutani, kisigino kimeshapanda juu ya kasha, na bado shangazi mmoja hayumo. Kihisi kikubwa cha milimita 36 kwa 24, kile wapiga picha wanachokiita fulu fremu, kinaiacha 50 iwe 50. Eneo lake ni zaidi ya mara mbili ya kile cha zamani, na mwanga kinaopokea ni mwingi kwa kadiri hiyo. Piko nyeusi juu ya ngozi ya kahawia, usiku, taa moja: hapo ndipo kamera hujulikana. D7000 nikiipandisha ISO, yaani wepesi wake wa kushika mwanga, mpaka 3200, vivuli vya ngozi vilianza kuwa na punje punje, na ISO yake ya kawaida inaishia 6400.

Nafasi mbili za kadi nilikuwa siziachii. Kadi hufa bila kuugua, na bi harusi hatolewi mara mbili. Kila picha lazima iandikwe pahala pawili papo hapo. Sharti hilo peke yake liliondoa nusu ya kamera nilizoletewa. Canon 6D Mark II ya 2017, nafasi moja. EOS RP ya 2019, nafasi moja. Nikon Z6 ya 2018, moja pia, na ya kadi za XQD ambazo sokoni kwetu ni za kutafutwa kwa tochi. Kuiacha Canon kuliniuma kidogo, kwa sababu wenzangu wengi wa mjini ni watu wa Canon, na lenzi zake za aina ya EF zimekuwapo tangu 1987. Siku ya shughuli lenzi yako ikilala, unaazima ya jirani maisha yanaendelea. Anayeanza leo na asiye na lenzi hata moja, ningemwambia atazame kwanza marafiki zake wana nini. Sony A7 III ina nafasi mbili na sifa zake ni za kweli, ila kwa bei niliyoikuta haikuwa yangu.

Zikabaki mbili, zote Nikon: D750 ya mwaka 2014 na Z5 ya mwaka 2020. Megapikseli zao ni zile zile, 24.3, na nafasi mbili za kadi ya SD kila moja.

Kwa hesabu ya mfukoni D750 ilikuwa imeshashinda. Bei chini, lenzi zangu zote zinafanya kazi pamoja na ile 50 D, na betri kwa kipimo cha watengenezaji hupiga picha 1,230 kwa chaji moja, wakati Z5 haifiki 500. Betri kwetu si jambo la kupuuza. Waliokuwapo mwaka 2008, kisiwa kizima kilipokosa umeme kwa takriban mwezi, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hawaulizi kwa nini mpiga picha ana betri nne. Waya mpya wa chini ya bahari wa mwaka 2013 umetuondolea balaa la namna ile, lakini mtu aliyepitia hayo hachaji kitu kimoja kimoja. (Bahati njema, betri za EN-EL15 za D7000 zinaingia kwenye zote mbili. Moja nilibaki nayo, kijana wa Wete nikampa mbili.)

Kilichonigeuza ni sauti. Kabla ya kufungwa nikaha, baba au walii mwingine huingia chumbani kumtaka bi harusi idhini yake. Chumba kinanyamaza. Bi harusi kajifunika, mama amemshika bega, baba anasema maneno yake na yeye mwenyewe sauti inamkwama, na wote mle ndani wanasubiri jibu ambalo aghalabu hutoka kwa mnong'ono. Katikati ya hapo D7000 ilikuwa inalia klak! Vichwa vyote vinageuka. D750 ina hali ya kupunguza makelele, lakini kioo cha ndani bado kinapanda na kushuka, kwa hiyo inalia klak ya adabu. Z5 haina kioo hicho, na ikiwekwa kwenye hali ya kimya hailii kabisa.

Niliazima Z5 ya mwenzangu kuijaribu, na ukumbini ikanionesha upande wake wa pili. Shata ya elektroniki husoma kihisi mstari kwa mstari, na taa nyingi za LED huwaka na kuzima kwa kasi ambayo jicho haliioni. Mstari uliosomwa taa ikiwa imezima unatoka na giza, na picha nzima ya bi harusi inapitiwa na michirizi. Huo ni udhaifu wa hali ya kimya, si wa kamera. Ukirudi kwenye shata ya kawaida michirizi inapungua au kutoweka, hasa ukiupunguza mwendo wa shata. Nikakaa nikapima. Panapotakiwa kimya ni nyumbani, mchana, mwanga wa dirisha, na hapo hakuna LED. Penye LED ni ukumbini, spika mbili zinapiga taarabu, na hata ningepiga kwa mzinga hapana atakayesikia. Shida mbili hazikutani chumba kimoja. Nikachukua Z5.

Ndipo ile 50 D ilipokosa kazi. Adapta ya FTZ inayofunga lenzi za zamani kwenye Z haina mota, na lenzi haina mota, basi fokasi unazungusha kwa mkono. Kwa kupiga mlango wa Kizanzibari ni sawa. Kwa mtoto anayekimbia na kikapu cha maua, hapana. Nikatafuta 50mm f/1.8G, ya mwaka 2011, yenye mota yake, na hiyo kwenye adapta inafanya kazi vizuri. Na mwenye lenzi za DX, zile za kihisi kidogo, ajue kwamba akizifunga kwenye fulu fremu, kamera hukata pembeni na kubaki na megapikseli kama kumi. Hapo na mie nakubali kuulizwa megapikseli.

Anayependelea D750, sina ugomvi naye, ni kamera ya kazi. Aombe nambari ya bodi kabla ya kulipa, kwa sababu mwaka 2015 Nikon walitangaza kwamba baadhi zina kasoro ya shata na wakajitolea kuzitengeneza bure. Ukinunua mkono wa pili, uliza kama hiyo ilishakwenda kutengenezwa.

Jamaa wa kwenda Dubai hawakosekani Unguja, na watatu walijitolea kuniletea. Sikutaka. Kamera ya mkono wa pili nataka niishike, niifungue mlango wa betri, nichungulie na tochi, na muuzaji awe mbele yangu. Nikaipata Dar es Salaam kwa mpiga picha anayehamia aina nyingine, nikarudi nayo kwenye boti, nimeizungushia kanga na nimekaa ndani. Juu kuna upepo mzuri na mandhari, ila maji ya chumvi yanaruka.

Shughuli yake ya kwanza ilikuwa ya nyumbani, Malindi, kumpamba bi harusi. Nimeiweka kwenye kimya, nazunguka chumba, nimeshapiga nyingi, hata mimi mwenyewe nimefurahi. Bibi yake bi harusi, mtu mzima, amekaa kitandani anasubiri zamu yake na kaniinamishia uso wa picha kwa muda mrefu. Mwisho akachoka.

"Mwanangu, mbona hunipigi?"

"Nimeshakupiga bibi, picha nyingi tu."

"Unipige na isilie? Mie si mtoto."

Nikamwonesha skrini. Akaitazama, hakuridhika, akasema hiyo si kamera, hiyo ni simu. Nikairudisha kwenye shata ya kawaida, nikapiga moja, ikalia. Akavuta mtandio wake, akakaa wima.

"Ehe. Sasa anza."